Selimundu: Swichi moja, tiba mbili, na watoto wasiopimwa

Na Mwandishi Wetu

TAREHE 16 Novemba, 2023, Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba inayohariri jeni za mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita siko seli. Wiki tatu baadaye, Desemba 8, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) nayo ikatoa idhini yake.

Tiba hiyo inaitwa Casgevy, na wenye haki nayo ni kampuni za Vertex na CRISPR Therapeutics. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa msomaji wa Tanzania, habari hii ni ya mbali na ya karibu kwa wakati mmoja. Ni ya mbali kwa sababu ya bei. Ni ya karibu kwa sababu makadirio yanayonukuliwa mara nyingi hapa nchini ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, idadi inayoiweka Tanzania miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani.

Hesabu yake haihitaji mchumi. Watoto 11,000 wakizidishwa kwa dola milioni 2.2 ni dola bilioni 24.2 kwa mwaka mmoja. Fedha hizo zinazidi bajeti nzima ya Serikali ya mwaka 2024/25, iliyokuwa Sh trilioni 49.35, yaani pamoja na barabara, shule, mishahara na madeni.

Kutokana na hesabu hiyo, wapo wanaohitimisha kwamba sayansi hii haituhusu. Hitimisho hilo si sahihi, na lina madhara. Tiba ya mamilioni ya dola inafanya kazi kwa kugusa swichi moja ndani ya seli zinazotengeneza damu. Swichi hiyo hiyo inaguswa pia, ingawa kwa nguvu pungufu na kwa njia tofauti, na kidonge ambacho kimekuwapo kwa miongo mingi na ambacho bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya Casgevy.

Ili kuelewa kwa nini iko hivyo, hatuna budi kuingia kwanza katika kiwanda chenyewe cha damu.

Mtu mzima hutengeneza chembechembe nyekundu za damu zipatazo bilioni 200 kila siku. Kazi hiyo hufanyika ndani ya mifupa, katika uloto. Chanzo cha chembechembe hizo zote, nyekundu, nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu, ni kundi dogo la seli zinazoitwa seli shina za damu.

Seli hizi zilianza kufahamika kwa ushahidi mwaka 1961, pale wanasayansi wawili wa Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch, walipowachoma panya kwa mionzi iliyoua uloto wao, kisha wakawadunga uloto wa panya wengine. Katika wengu za panya hao viliota vinundu vidogo, na baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja tu iliyokuwa na uwezo wa kuzaa aina mbalimbali za chembe za damu.

Seli shina ina sifa mbili ambazo hazipatikani pamoja kwa urahisi. Inaweza kuzaa seli nyingine kama yenyewe, hivyo ukoo hauishi. Inaweza pia kuzaa watoto wanaobadilika hatua kwa hatua hadi wakawa chembe kamili za damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa kusoma jeni za seli za mtu mmoja, ulikadiria kwamba seli shina zinazochangia damu ya mtu mzima ni kati ya 50,000 na 200,000. Ni chache mno zikilinganishwa na kazi inayofanyika.

Kwa kuwa ni chache, haziachwi zifanye kazi ovyo. Sehemu kubwa ya muda zimelala. Zikigawanyika kupita kiasi huchoka au kuharibika, na seli shina iliyoharibika yaweza kuwa mwanzo wa saratani ya damu. Zikizembea, mtu hupungukiwa damu. Ni nani basi anayeamua lini zilale na lini ziamke?

Jibu liko katika mambo mawili yanayokwenda pamoja: ishara zinazotoka nje ya seli, na jeni zinazofunguliwa au kufungwa ndani yake.

Tuanze na ishara. Mwaka 1978, Mwingereza Raymond Schofield alipendekeza kwamba seli shina hubaki seli shina kwa sababu ya mahali inapokaa. Ndani ya uloto kuna mithili ya viota, vilivyozungukwa na seli nyingine zinazoilea. Seli za kiota hutoa kemikali inayoitwa CXCL12, ambayo huishika seli shina isitoroke, kama kamba inavyomshika mbuzi kwenye kigingi. Hutoa pia protini inayoiwezesha kuishi, na nyingine iitwayo thrombopoietini, inayotoka hasa katika ini, huisaidia ibaki katika utulivu wake.

Zipo pia ishara zinazotoka mbali. Figo zikihisi kwamba oksijeni imepungua, humwaga katika damu homoni ya erithropoietini. Homoni hiyo ikifika katika uloto huzinusuru seli changa za ukoo mwekundu zisife, na uzalishaji wa chembechembe nyekundu huongezeka. Ndiyo maana mtu anayehamia nyanda za juu damu yake huongezeka baada ya muda. Namna seli zinavyohisi upungufu wa oksijeni ndiyo iliyowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

Hata hivyo, ishara peke yake ni hodi tu. Lazima ndani awepo wa kuitikia. Hapo ndipo jeni zinapoingia.

Kila seli ya mwili yenye kiini inazo jeni zote za mwenye mwili. Kinachoitofautisha seli ya ini na ya ngozi ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Kazi ya kufungua na kufunga hufanywa na protini maalumu zinazojishikiza katika vipande fulani vya vinasaba, mithili ya mkono unaoshika swichi ya taa.

Katika ukoo wa damu, mojawapo ya protini hizo ni GATA1. Ikitawala, seli huelekea kuwa chembe nyekundu au mzalishaji wa chembe sahani. Nyingine ni PU.1, ambayo huisukuma seli kuelekea upande wa chembe nyeupe. Mbili hizi hukandamizana: mmoja akipanda, mwingine hushuka. Kwa namna hiyo seli iliyokuwa njia panda huchagua upande mmoja, na ikishachagua kwa kawaida hairudi nyuma.

Sasa turejee kwa selimundu. Jina lenyewe la Kiswahili limeueleza ugonjwa vizuri: ni seli yenye umbo la mundu. Chanzo chake ni herufi moja iliyobadilika katika jeni ya himoglobini ya watu wazima, protini inayobeba oksijeni. Mtoto akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, himoglobini yake hushikamana inapopoteza oksijeni, na chembe nyekundu hupinda na kuwa ngumu.

Chembe iliyopinda huziba mishipa midogo. Matokeo yake ni maumivu makali, kiharusi hata kwa watoto, kuharibika kwa wengu, na maambukizo yanayoua. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Ya mgonjwa huishi kati ya siku 10 na 20. Kiwanda cha damu cha mgonjwa hakipumziki.

Anayerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui, na tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jambo hilo liligunduliwa katika ukanda wetu huu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wenye kasoro hiyo ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache milimani kusikokuwa na malaria. Alichapisha ushahidi wake mwaka 1954. Malaria ndiyo iliyoitunza jeni hii miongoni mwetu.

Lakini fununu iliyozaa tiba ya leo ilianzia kwa watoto wachanga. Mwaka 1948, daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kwamba vichanga waliorithi ugonjwa huu hawaonyeshi dalili katika miezi ya mwanzo. Alihisi kwamba wanakingwa na himoglobini waliyotoka nayo tumboni.

Alikuwa sahihi. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, inayotokana na jeni isiyo na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa, jeni ya tumboni hufungwa polepole na ya watu wazima hushika hatamu. Kwa mtoto mwenye selimundu, kufungwa kwa jeni hiyo ndiko kufunguliwa kwa mlango wa maradhi, mara nyingi anapokaribia nusu mwaka.

Swali likawa hili: ni nani anayeifunga jeni ya tumboni, na je, anaweza kuzuiwa?

Jibu lilichukua karibu miaka 60. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliochunguza vinasaba vya watu wa Ulaya, wakiwamo wa kisiwa cha Sardinia nchini Italia, waligundua kwamba watu wazima wenye himoglobini nyingi ya utotoni hutofautiana na wenzao katika jeni iitwayo BCL11A. Mwaka huo wa 2008, Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba BCL11A ndiyo mkono unaoizima himoglobini ya utotoni. BCL11A ikipunguzwa, himoglobini hiyo hurudi.

Watanzania wana sehemu yao katika simulizi hii. Mwaka 2011, Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili, wakishirikiana na wanasayansi wa Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tofauti katika BCL11A zinahusiana na kiwango cha himoglobini ya utotoni kwa wagonjwa wa Tanzania pia. Mwaka 2014 ukafuata uchunguzi mpana wa vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 1,200 wa hapa nchini. Kwa maneno mengine, swichi iliyogunduliwa kwa Wazungu inafanya kazi katika damu yetu vile vile, na ushahidi wake umetoka katika damu ya wagonjwa wetu.

Hata hivyo, kuiharibu BCL11A yote ni hatari, kwa kuwa inahitajika katika ubongo, katika chembe nyeupe na katika seli shina zenyewe. Ufumbuzi ulikuja mwaka 2013, pale timu ya Boston ilipobaini kipande cha vinasaba kinachoiongezea BCL11A nguvu katika ukoo mwekundu peke yake. Katika kipande hicho ndipo GATA1, ile tuliyoitaja hapo juu, inaposhika. Ukikikata, BCL11A hudhoofika katika chembe nyekundu tu na kubaki salama kwingineko.

Hiyo ndiyo kazi ya Casgevy. Namna inavyofanywa inaonyesha jinsi elimu ya ishara na elimu ya jeni zilivyokutana kitandani mwa mgonjwa.

Kwanza mgonjwa hupewa dawa ya pleriksafori, inayokata ile kamba ya CXCL12, ili seli shina zitoroke katika viota na kuingia katika damu. Mashine huzikusanya. Zinapelekwa maabara, ambako kifaa cha CRISPR hukata kile kipande cha BCL11A. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya saratani, busalfani, kuua seli zilizobaki katika uloto na kuacha viota wazi. Mwisho, seli zilizohaririwa humwagwa katika mshipa, nazo, zikifuata harufu ya CXCL12, hurudi zenyewe katika uloto na kuanza kazi.

Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kutibiwa hivyo nchini Marekani alikuwa Victoria Gray wa Mississippi, mwaka 2019. FDA ilipotoa idhini, wagonjwa 29 kati ya 31 waliokuwa wamefuatiliwa kwa muda wa kutosha walikuwa wamemaliza angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Ni matokeo ambayo kizazi kilichopita kingeyaita ndoto.

Lakini gharama haikomi kwenye bei ya dawa. Mgonjwa hulazwa wiki nne hadi sita akiwa hana kinga, na busalfani yaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Zinahitajika mashine za kuchuja seli, benki ya damu isiyotetereka na vyumba vya kumtenga mgonjwa. Hata kama Casgevy ingetolewa bure kesho asubuhi, ni hospitali chache mno za ukanda huu zingeweza kuipokea.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana. Casgevy iliidhinishwa mwaka 2023 kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Tathmini ya tafiti za Afrika iliyochapishwa mwaka 2011 ilikadiria kwamba kati ya asilimia 50 na 90 ya watoto wanaozaliwa na selimundu barani humu wamekuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi bila kufahamika wanaugua nini. Tiba inayomsubiri mtoto akiwa na miaka 12 haimsaidii aliyezikwa akiwa na miaka mitatu.

Hapo ndipo kidonge kinapoingia.

Haidroksiurea ilianza kutumika kama dawa ya saratani. Mwaka 1995 jaribio kubwa nchini Marekani lilithibitisha kwamba inapunguza mashambulio ya maumivu kwa watu wazima wenye selimundu, na mwaka 1998 FDA ikaiidhinisha kwa kazi hiyo. Faida yake kubwa ni kuongeza himoglobini ya utotoni.

Inafanyaje? Huzipunguza kasi seli changa zinazogawanyika haraka katika uloto, na kuulazimisha uloto uzalishe chembe nyekundu kwa mtindo wa dharura, ambao huifungua kwa kiasi jeni ya tumboni. Aidha, wataalamu wanaihusisha na ishara za oksidi ya nitriki ndani ya seli. Haikati kipande chochote cha vinasaba, na mgonjwa akiiacha, faida yake huondoka. Lakini shabaha ni ile ile ambayo Casgevy inailenga kwa dola milioni 2.2.

Kwa miaka mingi dawa hii ilicheleweshwa Afrika kwa hofu iliyoonekana ya busara: kwamba ingepunguza kinga ya watoto na kuwaacha wazi kwa malaria na maambukizo mengine. Hofu hiyo imepimwa na kukutwa haina msingi.

Mwaka 2017, jaribio lililofanyika Kampala, Uganda, kwa watoto 207 lilionyesha kwamba haidroksiurea haiongezi malaria. Kisha likaja jaribio liitwalo REACH, lililochapishwa rasmi Januari 2019, ambamo watoto 606 wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda walipewa dawa hiyo. Kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi, mwendo mfupi kutoka mpaka wetu wa kaskazini.

Takwimu zake zinastahili kusomwa taratibu. Kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, vipindi vya malaria vilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43.3 hadi 14.2. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1.

Katika nchi ambazo chupa ya damu hutafutwa na ndugu kwa kupigiana simu usiku, kupungua kwa mahitaji ya damu kwa theluthi mbili si nafuu kwa mgonjwa peke yake. Ni nafuu kwa mama mjamzito anayetoka damu, na kwa majeruhi wa bodaboda aliye wodi ya pili.

Kwa nini basi kidonge hiki hakimfikii kila mtoto anayekihitaji? Sababu ya kwanza ni kwamba watoto wengi hawajulikani kuwa wanaugua. Mtoto huwa na homa, akatibiwa malaria. Huvimba vidole, familia ikaambiwa amerogwa. Hupungukiwa damu, akaongezewa, akarudishwa nyumbani bila kipimo. Mpaka ugonjwa utakapotajwa kwa jina lake, wengine wamekwisha kufa.

Upimaji wa vichanga hauhitaji maajabu. Katika jaribio la Muhimbili, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, watoto karibu 4,000 walipimwa na 31 wakakutwa na ugonjwa. Kanda ya Ziwa hali ni nzito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia matone ya damu iliyokaushwa yaliyokuwa yamekusanywa kupima VVU kwa watoto, ulichunguza sampuli zaidi ya 17,000. Asilimia 1.2 walikuwa na selimundu, na asilimia 20 walibeba jeni moja.

Funzo la utafiti huo ni kwamba karatasi, matone, gari la kusafirisha sampuli na maabara vilikuwapo tayari kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Kilichoongezwa ni kipimo cha pili juu ya tone lile lile la damu.

Sababu ya pili ni mnyororo wa ugavi na ufuatiliaji. Haidroksiurea humezwa kila siku, kwa miaka. Dozi yake hupangwa na daktari kwa kuangalia uzito na vipimo vya damu, kwa kuwa ikizidi hushusha chembe nyeupe. Kwa hiyo si dawa ya kununuliwa kiholela dukani. Inahitaji ipatikane hospitali za wilaya, pamoja na mashine ya kuhesabu chembe za damu inayofanya kazi.

Sababu ya tatu ni nani analipa. Ghana iliiingiza haidroksiurea katika mfuko wake wa taifa wa bima ya afya mwaka 2022. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo cha sheria hiyo kwa familia yenye mtoto wa selimundu ni rahisi: je, kidonge na kipimo cha damu vimo katika mafao ya msingi, na je, vinapatikana dirishani siku mzazi anapofika?

Wapo watakaosema kwamba kushikilia kidonge ni kukubali unyonge, na kwamba Mwafrika naye anastahili kupona kabisa. Hoja hiyo ina uzito. Dunia ikizoea kwamba sisi tunatoa sampuli za damu na wengine wanapata tiba, basi swichi ile itakuwa imetuzalishia makala za kitaalamu tu.

Ndiyo maana hatua ya Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, iliyoanza mwaka 2023 kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu kutoka kwa ndugu zao, ina maana kubwa. Upandikizaji huo hauhitaji kuhariri jeni; unahitaji ndugu anayefanana kinasaba, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Ni wachache watakaofaidika kwa sasa. Lakini wauguzi, wataalamu wa maabara na vyumba vinavyoandaliwa kwa kazi hiyo ndivyo vitakavyohitajika siku tiba ya jeni itakaposhuka bei.

Na huenda ikashuka. Mwaka 2019, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Taasisi ya Gates zilitangaza kutenga dola milioni 200 kwa miaka minne kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zinazoweza kutumika katika nchi maskini. Lengo ni kuifikisha mikasi ya vinasaba katika seli shina kwa sindano, bila kuzitoa mwilini na bila busalfani. Kazi hiyo bado iko katika utafiti, na tahadhari ni lazima. Tiba nyingine ya jeni iliyoidhinishwa siku moja na Casgevy, Lyfgenia, inauzwa ikiwa na onyo la saratani ya damu, kwa sababu seli shina haisamehe makosa.

Kwa hiyo hoja ya kuchagua kati ya kidonge na tiba ya jeni ni hoja ya kupotosha. Ni ngazi moja. Kipimo cha kichanga ndiyo daraja la chini kabisa, kidonge cha kila siku kinafuata, upandikizaji uko juu yake, na uhariri wa jeni uko kileleni. Hakuna anayefika kileleni bila kukanyaga la chini, na mtoto asiyepimwa hayumo katika ngazi hiyo hata kidogo.

Kila tarehe 19 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa azimio la mwaka 2008 ili dunia iukumbuke ugonjwa huu, hotuba hutolewa na fulana hugawiwa. Lingekuwa jambo la maana zaidi iwapo katika siku hiyo Wizara ya Afya ingeeleza mambo matatu kwa namba: vichanga wangapi walipimwa mwaka uliopita, hospitali ngapi za wilaya zilikuwa na haidroksiurea miezi yote 12, na watoto wangapi waliogunduliwa wamefikisha miaka mitano wakiwa hai.

Sayansi imekwisha kutuonyesha mahali swichi ilipo, na sehemu ya ushahidi huo imetoka Muhimbili. Zile namba tatu ndizo zitakazotueleza kama tumeitumia.